Tala'al Badru: maana ya maneno, na kwa nini nota ulizopata hazipatani

Swali: Assalaam alaykum. Nafundisha madrasa, watoto wa miaka 6 hadi 11. Kila Maulidi wanaimba Tala'al Badru, lakini ukiwauliza maana hawajui, na mimi mwenyewe kuna mistari nababaisha. Nimetafuta nota ili mpiga kinanda atufuate, nikapata karatasi tatu zisizofanana. Tulipojaribu moja, kinanda kikaenda kwake na watoto wakaenda kwao. Ipi ndiyo sahihi?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, ustadha. Karatasi zote tatu huenda ni sahihi, kila moja kwa watu walioiandika. Maneno ya wimbo huu yamehifadhiwa, mahadhi hayakuandikwa. Waarabu wa karne ya 7 hawakuwa na nota, kwa hiyo hakuna sauti ya asili ya kurudia. Kila mji umeimba kwa mahadhi yake na kuwarithisha watoto wake. Kilicho kimoja kwa wote ni mizani ya shairi, na hapo ndipo pa kuanzia. Nota utaziandika wewe, kutokana na vinywa vya wanafunzi wako.

Tuanze na maneno. Haya ndiyo yanayoimbwa sana pwani yetu:

Tala'al badru 'alaynaa
min thaniyyaatil wadaa'
Wajabash shukru 'alaynaa
maa da'aa lillaahi daa'
Ayyuhal mab'uuthu fiinaa
ji'ta bil amril mutaa'
Ji'ta sharraftal madiinah
marhaban yaa khayra daa'

Tala'a ni kuchomoza, kupanda. Badru ni mwezi wa usiku wa 14, mwezi mpevu uliojaa. Usiwaache watoto wakadhani ni mwezi mwandamo. Ule Waarabu wanauita hilali. Wala si vita vya Badri, kosa ambalo watoto waliosoma sira hulifanya mara moja: pale Badri ni jina la mahali, hapa ni mwezi tu. 'Alaynaa ni "juu yetu". Basi mstari wa kwanza: mwezi mpevu umetuchomozea.

Thaniyyaat ni wingi wa thaniyya, njia inayopita kati ya vilima au inayopanda mlima. Wadaa' ni kuagana. Thaniyyaatul Wadaa' ni jina la mahali Madina, ambapo wasafiri walisindikizwa na kuagwa. Mstari wa pili basi: kutokea kwenye mapito ya kuagana. Wafafanulie watoto uzuri uliomo, kwamba mahali watu walipozoea kuagana, leo mgeni anaingilia hapohapo.

Mstari wa tatu una neno 'alaynaa tena, lakini si kwa maana ileile. Kwanza mwezi ulikuwa juu yetu, sasa shukrani ni juu yetu, yaani ni wajibu wetu. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa "juu yetu" inabeba maana zote mbili kama Kiarabu: mwezi uko juu yetu, na ni juu yetu kushukuru.

Mstari wa nne ndio unaowababaisha wengi. Ile maa si "nini", wala si ya kukanusha. Ni maa ya muda: "maadamu", "muda wote ambao". Daa'ii ni mwenye kuita, mwenye kuomba. Mwishoni mwa mstari hukatwa ikawa daa'. Maana yake: maadamu yupo mwenye kumwomba na kumlingania Mwenyezi Mungu, shukrani ni wajibu wetu. Yaani daima. Ukiona tafsiri inayosema "hakuita mwitaji", achana nayo.

Mistari minne ya mwisho ni mepesi. Ewe uliyetumwa kwetu, umekuja na amri yenye kutiiwa, umekuja ukaipa Madina heshima, karibu ewe mbora wa walinganiaji. Neno daa' limerudi, lakini yule wa mstari wa nne ni mwombaji yeyote, na huyu wa mwisho ni Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Suratul Ahzab aya ya 46 inamtaja kuwa ni mwenye kulingania kwa Mwenyezi Mungu na taa itoayo nuru. Nuru kama ile ya mwezi wa mstari wa kwanza, na mlinganiaji wa mstari wa mwisho, wamekaa pamoja katika aya moja. Mtoto mkubwa wa darasa ataliona hilo bila kusukumwa.

Njia nyepesi ya kuwafanya wayashike maneno ni kuwatafutishia ndugu zao katika Kiswahili. Wajaba ni wajibu. Shukru ni shukrani. Da'aa ni dua. Amr ni amri. Mutaa' ni ukoo mmoja na mtiifu. Khayr ni heri. Na marhaban ndiyo ile "marahaba" wanayoitikiwa kila siku wakiamkia shikamoo. Waulize kwanza wanasikia maneno mangapi wanayoyajua, ndipo uwape maana. Watapata matano au sita peke yao.

Kuhusu lini uliimbwa, kuwa mwangalifu na namna unavyosimulia. Mashuhuri ni kwamba wanawake na watoto wa Madina waliuimba Mtume alipowasili kutoka Makka mwaka 622. Mwanahadithi al-Bayhaqi aliipokea habari hiyo kupitia Ibn 'Aisha, na huyu si mtoto wa Bibi Aisha bali ni mpokezi aliyefariki mwaka 228 Hijria, wala hakutaja waliomfikishia. Ndiyo maana wanahadithi wanaihesabu dhaifu. Katika pokezi hilo imo mistari minne ya kwanza tu. Kuanzia Ayyuhal mab'uuthu inapatikana katika vitabu vya baadaye. Tena mwanachuoni Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Zad al-Ma'ad, alipinga kwa hoja ya jiografia: Thaniyyaatul Wadaa' iko upande wa Sham, kaskazini, na anayetoka Makka huingia kwa upande wa kusini, kupitia Quba. Kwa rai yake, wimbo ni wa kurudi kutoka Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Wapo waliomjibu kwamba mapito ya jina hilo yalikuwepo na upande wa Makka. Kilicho thabiti, kimo katika Bukhari, ni kwamba as-Sa'ib bin Yazid alikumbuka alivyotoka na watoto wenzake hadi Thaniyyaatul Wadaa' kumpokea Mtume akitoka Tabuk. Habari hiyo haitaji wimbo, lakini watoto na mahali pale ni hapohapo. Sema "imesimuliwa kwamba", utakuwa salama.

Na dufu? Mwanachuoni al-Ghazali katika kitabu chake Ihya ametaja dufu na mahadhi, na al-Iraqi aliyezichambua hadithi za kitabu hicho akasema pokezi lenyewe halina dufu. Wasichana wa Bani Najjar waliopiga dufu na kuimba wamo katika hadithi za Ibn Majah, lakini walikuwa na maneno mengine kabisa. Watu huchanganya habari hizi mbili.

Sasa mizani, maana hapa ndipo kinanda kilipowapotea. Shairi liko katika bahari (aina ya mizani) iitwayo ramal fupi. Kila mstari una vipande viwili. Kipande kamili huenda "ndefu-fupi-ndefu-ndefu" (faa-'i-laa-tun), na shairi linaruhusu silabi ya kwanza ifupishwe: "fupi-fupi-ndefu-ndefu". Mwisho wa kila mstari wa pili kipande hukatwa: "ndefu-fupi-ndefu".

Ukihesabu mapigo manne kwa kila kipande, yaani kipande kimoja kwa baa (fungu la mapigo katika nota) moja ya 4/4, mpangilio unaokaa vizuri kwa watoto ni huu. Namba ni mapigo:

Ta ½, la ½, 'al 1, bad 2 | ru ½, 'a ½, lay 1, naa 2
min 1½, tha ½, niy 1, yaa 1 | til 1½, wa ½, daa' 2
Wa ½, ja ½, bash 1, shuk 2 | ru ½, 'a ½, lay 1, naa 2
maa 1½, da ½, 'aa 1, lil 1 | laa 1½, hi ½, daa' 2
Ay 1½, yu ½, hal 1, mab 1 | 'uu 1½, thu ½, fii 1, naa 1
ji' 1½, ta ½, bil 1, am 1 | ril 1½, mu ½, taa' 2
Ji' 1½, ta ½, shar 1, raf 1 | tal 1½, ma ½, dii 1, nah 1
mar 1½, ha ½, ban 1, yaa 1 | khay 1½, ra ½, daa' 2

Ni baa 16, mapigo 64. Kwa kasi ya mapigo 80 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 48. Kwa watoto wanaoimba huku wakitembea, kasi hiyo inatosha. Ikipanda juu ya 100, silabi fupi zinamezwa.

Angalia mstari wa kwanza na wa tatu: hiyo peke yake ndiyo inayoanza kwa silabi mbili za haraka. Mistari mingine yote inaanza kwa silabi ndefu. Watoto wakishazoea "ta-la-'al", hubeba mwendo ule hadi mstari wa tano wakaimba "a-yu-hal", na shadda ya ayyuha (kukazwa kwa ile y) imekufa. Vivyo hivyo "ji-ta" badala ya ji'ta. Ukiwasikia wanakimbia pale, usiwafokee kuhusu matamshi, kwani kosa ni la mapigo. Wapigishe makofi mstari wa tano bila sauti, "ndeefu-fupi-ndefu-ndefu", mara nne, kisha warudishe maneno. Ay ikipata pigo lake moja na nusu, shadda inarudi yenyewe.

La pili ni kupumua. Katika mistari minane, saba ina neno linalokatwa katikati na mpaka wa baa: bad|ru, thaniyyaa|ti, shuk|ru, lil|laahi, mab|'uuthu, am|ri, sharraf|ta. Ni wa mwisho tu ambao mpaka unaangukia kati ya maneno mawili. Mwenye kupumua kwenye mpaka wa baa anaimba "bad... ru". Pumzi iwe mwisho wa mstari tu, kila baada ya baa mbili. Mtoto wa miaka 6 anaweza sekunde 6 bila shida, mradi asianze kwa kupiga kelele.

La tatu ni letu sisi Waswahili. Ulimi wetu haupendi konsonanti mbili zifuatane, basi shukru inakuwa "shukuru" na badru inakuwa "badiru". Kila irabu inayoongezwa ni silabi ya ziada, na mizani inavunjika palepale: kinanda kimeshafika kwenye lay, watoto bado wako kwenye 'a. Mazoezi yake: waimbe "shuk" peke yake, wakae kimya pigo moja, kisha "ru". Rudia huku ukipunguza kimya hadi kiishe.

'Ayn ya mwisho, katika wadaa' na daa', ni lazima ivutwe kwa irabu na kufungwa mwishoni mwa pigo la pili, si mwanzoni. Wakifunga mapema sauti inakatika kama mtu aliyekabwa, wakiisahau inabaki "wadaa" inayoning'inia. Na th ya thaniyyaat ni ya "thelathini", isiwe "saniyyaat".

Tukija kwenye sauti zenyewe: kwanza rekodi watoto wako kwa simu, bila ala yoyote, mara mbili. Tafuta qarar, yaani sauti ambayo wimbo unatulia mwishoni, kwenye daa' ya mwisho. Kisha pima sauti mbili zinazofuata juu yake, kwa kinanda au kwa programu ya simu ya kupimia sauti. Hizo ndizo zinazokuambia ni maqam gani, yaani ngazi gani ya sauti za Kiarabu.

Chukua qarar iwe re. Ikiwa juu yake kuna hatua nzima kisha nusu hatua (re, mi, fa, zote vitufe vyeupe), ni nahawandi, na kinanda chochote kitafuata. Ikiwa kuna nusu hatua kisha hatua moja na nusu (re, mi iliyoshushwa, fa iliyopandishwa), ni hijazi, nayo pia kinanda inaiweza. Lakini ikiwa ile mi inakaa katikati, si mi wala si mi iliyoshushwa, na sindano ya programu inayumba kati ya sauti mbili, hiyo ni bayati: robo tatu za hatua, kisha robo tatu nyingine. Na ikiwa wimbo unatulia kwenye do, sauti ya pili iko hatua nzima juu yake, na ya tatu ndiyo inayokaa katikati, hiyo ni rasti.

Kwa maelezo yako, hili la sauti ya katikati ndilo ninaloliona linawezekana zaidi. Karatasi nyingi zimeandikwa kwa ajili ya piano, na mwandishi akikutana na sauti isiyo na kitufe huisogeza juu au chini. Watoto waliorithi bayati kwa masikio hawatasogea naye. Mtu atasema watoto wanaimba vibaya, kumbe wanaimba sawasawa na kinanda ndicho kisicho na sauti ile. Muulize mpiga kinanda kama chombo chake kinaruhusu kubadili urari wa nota mojamoja. Vinanda vingi vya miziki ya Kiarabu vinaruhusu. Ashushe mi kwa senti 50, ambayo ni nusu ya nusu hatua. Ikiwa hakiruhusu, asiiguse nota ile kabisa: apige qarar na sauti ya tano tu, kwa mfano re na la, na mahadhi awaachie watoto. Ukipata mpiga udi au fidla, tatizo halipo, maana shingo za ala hizo hazina vizuizi na kidole hukaa popote. Zanzibar, wanafunzi wa Dhow Countries Music Academy wanajifunza maqam hizi pamoja na taarab. Mmoja wao atakuandikia wimbo kwa kikao kimoja, ukimpelekea rekodi safi.

Kuna mtego mwingine, hasa ikiwa mpiga kinanda wako amelelewa kwenye kwaya. Karatasi za Misri na Lebanon zinazoandika do, re, mi zinamaanisha sauti zisizohama: re ni re ileile siku zote. Solfa ya kwaya zetu za Kenya na Tanzania (nota za herufi d, r, m) inahama, d huwekwa popote. Nahawandi ya re, iliyo na nota ya si (ya saba kutoka do) iliyoshushwa, mtu wa solfa angeiandika kwa d kwenye fa, na wimbo ungeishia kwenye l. Akiisoma ile karatasi kana kwamba ni solfa, wimbo utaishia kwenye r, na kila nota ya si itapanda nusu hatua kwa sababu alama ya kushusha imewekwa mwanzoni mwa mistari na yeye hakuitazama. Muulize kwanza anasoma kwa mfumo gani.

Kimo nacho kinaharibu mengi. Ustadhi mwanamume akianzisha kwa sauti yake nzito, watoto humfuata huko chini wakakoroma. Kwa umri huo, weka wimbo kati ya re iliyo juu kidogo ya do ya katikati ya kinanda, na do inayofuata. Tafuta sauti ya juu kabisa katika wimbo, iangalie isivuke hapo, ndipo uchague qarar. Ikibidi kuhamisha bayati kutoka re kwenda sol, sauti ya katikati nayo inahama kutoka mi hadi la. Mkumbushe mpiga kinanda abadili urari, la sivyo atashusha nota isiyohusika.

Ukiandika kwa programu kama MuseScore, ambayo ni ya bure, usiweke herufi za Kiarabu chini ya nota. Nota zinakwenda kushoto kulia, Kiarabu kulia kushoto, na ukikata neno kwa silabi herufi zinaachana mikono. Weka silabi kwa herufi za Kilatini kama nilivyozikata juu, na Kiarabu kamili kiwe peke yake chini ya ukurasa, kwa irabu zake. Andika mapigo ya baa zote 16 kwanza, nota zote zikiwa kwenye mstari mmoja, kisha ndipo uzipandishe na kuzishusha kwa kusikiliza rekodi. Ukianza na sauti kabla ya mapigo utafuta mara kumi.

Kwa dufu, kama madrasa yenu inatumia, anza na dum (pigo zito) kwenye pigo la kwanza na tak (pigo kali) la tatu, basi. Wakishakaa, wakubwa waongezee mdundo wa maqsum, ikihesabiwa kwa nusu pigo: dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Ile dum ya pili inaangukia pigo la tatu la baa, na inawazuia wasikimbie kwenye silabi ndefu.

Mwisho, wakitaka kuimba mzunguko wa pili kwa Kiswahili, haya yanaingia, silabi nane kila mstari ("Ee" ikihesabiwa silabi moja). Vina nimeviacha ili maana isipindwe:

Mwezi kamili watoka
mapitoni pa kuaga
Kushukuru ni wajibu
muda Mola akiombwa
Ee uliyetumwa kwetu
neno lako hutiiwa
Madina umeipamba
karibu mwitaji mwema

Mistari ya Kiarabu inayoishia kwa wadaa', daa' na mutaa' ina silabi saba, hii ina nane. Katika mistari hiyo gawa ile nota ya mwisho ya mapigo 2 iwe mbili za pigo 1: katika "pa kuaga", baa ya pili ina silabi nne: "pa" 1½, "ku" ½, "a" 1, "ga" 1. Na mstari wa kwanza na wa tatu usiuanze kwa haraka kama Kiarabu. "Mwe" ya mwezi ipewe 1½, kwani Kiswahili hakiwezi kubanwa pale bila mtoto kuimba "mzi".